Filimbi ya Mchumba

Mgeni alitarajiwa mchana, na tangu asubuhi nyumba ilikuwa imeshikwa na homa ya usafi. Mama alifuta meza mpaka meza yenyewe ikaona aibu. Vitambaa vya makochi vilifuliwa, vikapigwa pasi, vikatandikwa, kisha vikatandikwa upya kwa sababu kimoja kilikaa upande kama kofia ya mlevi. Mjomba alifika mapema kuliko alivyoombwa, kama ilivyo kawaida yake panapopikwa, akajimwaga kwenye kochi kubwa kwa sura ya mtu aliyekabidhiwa nchi aiendeshe mpaka jioni.

Mwenye shughuli yake alikuwa jikoni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja kaunyoosha juu ya stuli, goti limefungiwa mfuko wa barafu kwa taulo la vyombo. Macho yalikuwa mekundu. Ambaye angemuuliza angeambiwa ni vitunguu, na vitunguu vyenyewe vilikuwa bado havijamenywa.

Huyo ndiye Ngazi. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, fundi umeme, kwa kuwa tangu akiwa shule ya msingi ndiye aliyebadilisha balbu za nyumba nzima bila kupanda juu ya kitu. Jina likamfuata kwenye uwanja wa saruji wa shuleni, likamfuata kwenye timu ya mtaa, na hatimaye likaandikwa mgongoni mwa jezi ya klabu iliyomlipa mshahara ili arukeruke. Kulipwa kwa kuruka ni jambo ambalo mjomba hakuwahi kulielewa. Kila mwaka aliuliza kama Ngazi ameshapata kazi, kila mwaka akajibiwa kuwa hii ndiyo kazi, naye akatikisa kichwa kwa huruma kama aliyeambiwa mgonjwa bado hajapata nafuu.

Mama yeye alielewa, na ndiyo maana hakuipenda. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa mishono iliyonyooka na sauti ya chini. Kwake mpira wa kikapu ulikuwa ni wasichana kupigana vikumbo mbele za watu, na hakuwa amekanyaga uwanjani hata siku moja. Kila Ngazi alipotoka na begi la viatu, mama alimwambia neno lile lile: usimuumize mtoto wa mtu. Hakusema usiumie. Alisema usiumize. Ngazi alilibeba neno hilo miaka yote ya kazi yake, na mara nyingine aliachia vikapu vya wazi kwa kulikumbuka hewani.

Jana, kwa mara ya kwanza, mama alikwenda kumtazama.

Ilikuwa fainali. Ngazi alimbembeleza wiki nzima, akamwambia ambayo hakuwa amemwambia mtu mwingine nyumbani. Kocha wa klabu kubwa ya ng'ambo atakuja. Wachezaji wa umri wake hawatazamwi mara mbili. Goti hili limebakiza misimu michache tu ya kubembelezwa. Kocha huyo akimchukua, atacheza mahali ambako majukwaa hujaa watu kwa ajili ya wanawake. Asipomchukua, atamalizia miguu yake kwenye ligi hii ambayo nusu ya watazamaji ni ndugu wa wachezaji na nusu iliyobaki wamejikinga na mvua. Mama alisikiliza, akakata uzi kwa meno, akasema atakuja, maana sasa ana miwani mipya na hana kisingizio.

Miwani hiyo ilitengenezwa na mchumba wa Ngazi. Alikuwa fundi wa miwani, mwenye duka dogo kati ya kinyozi na muuza viatu. Kijana mpole, mwenye mikono safi na kucha zilizokatwa vizuri. Mama alimpenda tangu siku alipompima macho na kumwacha asome herufi bila kumharakisha. Ila palikuwa na jambo ambalo mama hakuambiwa, kwa hofu kwamba likimfikia yeye litamfikia mjomba, na mdomo wa mjomba haujawahi kuwekewa mlango. Siku za mechi, fundi huyo alifunga duka, akavaa shati la kijivu, akawa refa. Ndiyo, yule refa ambaye kila wiki jukwaa zima lilimzomea akanunue miwani ndiye aliyekuwa akiiuza.

Basi mama alikaa jukwaani robo yote ya kwanza akizungusha shingo, akimtafuta mkwe mtarajiwa kati ya watazamaji ili amkaribishe kiti. Alimwona robo ya pili. Alikuwa katikati ya uwanja, filimbi mdomoni. Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Miwani haikuwa na kasoro. Alikuwa ni yeye.

Kisha ikaja robo ya tatu. Ngazi alikuwa na faulo nne, na kwenye mpira wa kikapu ya tano ndiyo ya kukutoa: ukishaipata hurudi, hata timu yako ilie machozi ya damu. Alikuwa amesimama chini ya kikapu, mikono juu, akimzuia mshambuliaji wa upande wa pili, msichana ambaye ligi nzima ilimwita Sabuni kwa jinsi anavyoteleza na kuanguka hata pasipo na maji. Sabuni aliruka, akatoa ukelele wa mtu aliyechomwa kisu, akajibwaga sakafuni kashika mdomo. Filimbi ikalia. Mchumba wa Ngazi akainua mkono wake, akaonyesha ishara ya kiwiko.

Muda wote uliobaki Ngazi alikaa benchi, taulo kichwani. Timu yake ilifungwa. Mgeni wa ng'ambo aliondoka kabla mchezo haujaisha. Walipofika mlangoni Ngazi alimwambia kwamba hakumgusa yule msichana. Mama alimjibu kwamba kila anayekamatwa husema hivyo, akaongeza kuwa kesho mgeni aje kama ilivyopangwa, kwa vile nyama imeshanunuliwa.

*

Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo: uwanjani hatujuani.

Kanuni ya ligi ilikuwa wazi. Refa mwenye uhusiano na mchezaji anatakiwa kusema, naye hapangiwi tena mechi za mchezaji huyo. Refa alitaka kusema. Ngazi ndiye aliyemzuia. Alijua siku habari ikitoka, kila kikapu alichowahi kukifunga kwa jasho lake kitaitwa zawadi ya mchumba, hata vile alivyofunga kabla hawajajuana. Akamwomba wasubiri msimu uishe. Msimu ukavuta msimu. Jioni wakawa wanakutana dukani, wamezungukwa na fremu tupu zilizowakodolea macho kutoka ukutani kama mashangazi, na wakikutana uwanjani walipeana mkono kwa uzito wa watu waliofahamiana msibani. Walilicheka sana jambo hilo. Ngazi alimwita Bwana Filimbi. Naye alimwita Mshtakiwa.

Alipopangiwa fainali, heshima ambayo marefa wengine hustaafu bila kuionja, alikuja kumwambia akiwa na tabasamu alilojaribu kulificha. Walitazamana. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme kazi hiyo ikataliwe. Hakuna aliyesema.

Sasa refa alikuwa anabisha hodi.

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe, na mkononi alikuwa na mfuko wa matunda. Akamwamkia mama, akamwamkia mjomba, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Mjomba alikifungua kikao rasmi kwa kupiga chafya. Kisha alimuuliza mgeni kama filimbi ameiacha nyumbani, au itabidi watu wale chakula kwa tahadhari. Alicheka peke yake, kwa muda wa kutosha, halafu akataka kujua jambo ambalo wenye akili zao walikuwa wamelikwepa tangu asubuhi.

"Hebu nieleweshe mimi nisiyejua mpira," alisema. "Yule mtoto alipigwa kweli?"

Ngazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika trei ya glasi.

Refa alikohoa. Alisema kwamba refa huamua kwa alichokiona, kwa wakati ule, kutoka pale aliposimama. Lilikuwa jibu zuri sana. Lingemtoa mtu yeyote mahakamani. Mjomba alilitafuna, akatikisa kichwa kwa heshima, akakiri kwamba hajaelewa chochote. Mama alikuwa akimwangalia mgeni kupitia kazi ya mikono ya mgeni mwenyewe, na uso wake haukuonyesha yaliyomo.

Ngazi aliweka trei mezani. Alimwomba mama ruhusa azungumze na mgeni uani, kidogo tu. Mama alikubali, mlango ubaki wazi.

*

Uani palikuwa na kamba ya nguo, na jezi ya jana ilikuwa bado inadondosha maji. Walisimama kila mtu upande wake wa jezi hiyo. Siku nyingine refa angekuwa ameshamshika mkono. Leo mikono ilikaa mfukoni, na Ngazi, pamoja na hasira zote, aliikosa. Ndilo lililomuudhi zaidi. Alikuwa ameamka amejiandaa kumchukia mtu huyu, akajipanga vizuri kabisa, na sasa alipomwona kola imembana shingo, alitamani kumfungua kifungo.

"Goti vipi?" aliuliza refa.

"Lipo."

"Nilikupigia sana jana."

"Niliona."

Ngazi alilisogeza kando bega la jezi ili amwone uso mzima.

"Nilimgusa?" alimuuliza. "Nijibu kama fundi miwani. Yule refa tumeshamsikia ndani."

Aliangalia chini, akaangalia ukuta, akamwangalia yeye.

"Hukumgusa."

"Uliona, au unakisia kunifurahisha?"

"Niliona vizuri. Kati yenu ungepita mkono mzima."

"Sasa filimbi ilijipuliza?"

Hapo alianza kueleza, taratibu, kama anayechomoa mwiba wake mwenyewe. Nyuma ya mstari, safu ya chini ya jukwaa, palikuwa na bwana mmoja mwenye sauti ya tarumbeta. Kila refa alipoacha kuadhibu timu ya Ngazi, bwana huyo alikuwa na la kusema. Alimwambia akapime macho. Alimwambia amwachie mkewe filimbi. Yote hayo alishayazoea. Lakini muda mfupi kabla Sabuni hajaruka, bwana yule alisimama na kupaza sauti: Refa, muoe tujue moja.

Ngazi alitaka kucheka na kicheko kikakwama njiani. Kebehi hiyo ilikuwa kongwe kuliko uwanja wenyewe. Husemwa kwa marefa wote, wakiwemo wazee wenye wajukuu, na hakuna aliyewahi kuitilia maanani.

"Najua," alisema refa. "Ila mimi nilikuwa nakuja kukuposa kesho yake. Nilihisi amejua. Nilihisi uwanja mzima umejua, mpaka wale wanaouza maji. Sabuni akaanguka, nikapuliza kabla sijawaza. Nilitaka waone."

"Waone nini?"

"Kwamba sikupendelei."

"Basi wameona."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mjomba akisifia harufu ya nyama kwa maneno ambayo angeweza kumposea mtu.

Ngazi alimwambia kwamba kocha wake amepiga simu asubuhi. Amezungumza na yule mgeni wa ng'ambo. Mgeni amemsifu: mikono, akili, anavyousoma mchezo kabla haujatokea. Ila hakuja kwa ajili ya mechi moja. Amepitia msimu mzima kwenye video, na kuna jambo limemtia shaka.

"Anasema Ngazi ni mzuri, lakini robo ya mwisho humkuti uwanjani. Anataka mtu atakayekuwepo mwishoni." Alivuta pumzi. "Nimekaa kwenye ile ndoo jikoni nikazikumbuka mechi zote nilizotolewa kwa faulo. Moja baada ya nyingine. Unajua nani alikuwa na filimbi?"

Uso wa refa ndio uliojibu. Ngazi aliona anavyozipitia naye mechi zile kichwani, akigonga kila moja kama mlango, na kila mlango anajifungulia mwenyewe.

"Sikujua," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imechakaa. "Wallahi sikujua. Nilidhani nakuwa makini tu."

"Najua hukujua. Kama ungekuwa unajua, ingekuwa rahisi. Ningekutukana nikale."

Refa alimsogelea. Jezi ilimlowesha bega na hakuijali. Alimwambia kwamba kesho asubuhi atakwenda kwenye ofisi za ligi, ataeleza yote, uchumba, fainali, faulo. Wamnyang'anye filimbi, wamfungie maisha, haihitaji tena. Alisema hayo kwa ujasiri mkubwa, na Ngazi alijua anayamaanisha, kwa sababu kesho ilikuwa bado mbali. Akamwambia aache. Wataichukua filimbi, wataliburuta na jina lake yeye kwenye tope, na mwisho wa yote hakuna ofisi inayoweza kumrudishia mtu robo ya nne.

"Ligi sina haja nayo leo," alisema. "Ingia ndani umwambie mama."

"Mama?"

"Jana amekuja kunitazama kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alichorudi nacho nyumbani ni kwamba mwanawe kampiga mtoto wa watu kiwiko cha mdomo. Nimemwambia mwenyewe kuwa si kweli, hakuniamini. Mimi ni mshtakiwa, na wewe ndiye uliyepuliza. Yule kocha simpati tena, nimeshamlilia yakaisha. Mama nampata, ukisema."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sikumgusa. Basi. Mengine yetu tutayazungumza baadaye, tukiwa na nguvu."

Refa alimtazama. Katika macho yale kulikuwa na mapenzi, hilo Ngazi hakulitilia shaka hata sasa. Yalikuwemo tele, yamejaa mpaka kope. Alitoa mkono mfukoni, akamshika kiganja chenye sugu za mpira, akakifunga ndani ya chake.

"Nitasema," aliahidi.

Na Ngazi alimwamini. Kwa muda wa kutoka uani mpaka sebuleni alikuwa tena msichana mwenye mchumba.

*

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Mjomba alikuwa ameonja kila kitu kwa niaba ya familia na kuthibitisha kwamba hakuna sumu. Walikaa. Refa alisafisha koo na kusema kwamba kabla hawajaanza ana neno dogo. Mama aliinua mkono. Alimwambia asubiri, kwani mwenye nyumba huanza, na yeye neno lake limemkaba tangu jana.

"Nilipanga kukukatalia, baba," alisema mama. Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote, na kwa hiyo kila mtu aliacha kupumua ili aisikie. "Nilikuona pale katikati na lile shati, nikajua nimefichwa. Nikasema mtu anayemficha mkwewe kazi yake, mke atamficha mangapi. Nikapanga ule chakula changu vizuri, halafu nikurudishe kwenu."

Refa aliinamisha kichwa.

"Lakini nimewaza. Ukoo huu nimewaona wanaume wa kila namna." Mjomba alikohoa, akajishughulisha na kijiko. "Wanamfunika mtu wao hata akikosea mchana kweupe. Wewe mtu wako amekosea mbele ya watu wote, mchumba wako mwenyewe, na siku ya kuposa ndiyo kesho. Ukasema amekosea. Hukumpendelea. Mwanamume wa hivyo namwachia mwanangu bila wasiwasi. Kunificha nimekusamehe. Mimi nimekubali."

Halafu alimgeukia Ngazi, na hapo sauti ikapata kutu kidogo. Alimwambia kwamba yule mtoto aliyemuumiza ana mama yake, na siku moja katika wiki hii watakwenda wote wawili kumwomba radhi. Na kuhusu mpira, anadhani sasa imetosha. Aliyokuwa akiogopa kuyasikia ameyaona kwa macho.

Ngazi alikuwa anamwangalia refa.

Lilikuwa limebaki jambo jepesi kabisa. Maneno ambayo yangeisha kabla mjomba hajafikisha kijiko mdomoni. Aliona midomo ya refa ikiachana. Aliona pia anavyomwangalia mama, uso wa mama uliolainika kwa mara ya kwanza tangu jana, meza iliyopambwa, nyama inayotoa mvuke, na baraka zote hizo zimewekwa mbele yake kwa sababu ya filimbi ile ile. Angesema, zingekunjwa kama kitambaa. Mama angejua kuwa mtu mwadilifu aliyemsifu hivi punde alipuliza kwa woga.

"Asante, mama," alisema refa.

Ngazi alingoja. Labda kuna lakini inakuja. Watu wapole huchelewa kufika kwenye lakini, na yeye alikuwa tayari kuingoja mpaka chakula kipoe. Refa alichukua kijiko. Akajipakulia wali kidogo, kwa adabu, kutoka pembeni.

Hapo ndipo Ngazi alipoyaona maisha yake yote kama anavyouona mchezo kabla haujatokea. Aliona nyumba yenye mapazia mazuri. Mama mkwe amelalamika: filimbi. Jirani kaja na maneno: filimbi. Watoto wao wenyewe wameangushana kibarazani na mmoja kalia zaidi: filimbi, na mkono unamwelekea yeye, kwa sababu yeye ndiye mtu wake, na mtu wake ndiye wa kuadhibiwa wa kwanza ili watu waone. Atampenda, hilo hakuna ubishi. Atamletea chai kitandani. Usiku atamwambia sikioni kwamba hakukosea. Kukicha atakaa benchi.

Mjomba, ambaye hakuona lolote kati ya hayo, alifuta mikono na kuvaa tena ule uso wa kuendesha nchi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Lililomleta mgeni tunalijua. Mama amekubali. Mimi nilikubali tangu harufu ya nyama iliponifikia. Umebaki wewe. Unamkubali?"

"Hapana, mjomba."

Kijiko cha refa kilisimama. Mjomba alitabasamu, akidhani ni ile hapana ya haya ambayo wasichana huisema kabla ya ndiyo, akauliza tena kwa sauti ya kubembeleza. Alijibiwa vile vile, kwa upole, na safari hii tabasamu lilimponyoka.

Mama alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Unamkataa mtu wa namna hii kwa sababu ya mpira?"

Ngazi alimpa refa nafasi ya mwisho. Hakumkonyeza wala hakumgusa mguu chini ya meza. Alimtazama tu, kama anavyomtazama mwenzake uwanjani anapomtaka atoe pasi. Refa alikuwa akiangalia sahani yake, amekaza macho.

"Ndiyo, mama," alisema Ngazi. "Kwa sababu ya mpira."

Mama hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alisema kwamba hakujua amelea mtu anayempiga mwenzake na hana hata chembe ya majuto, na kwamba marehemu baba yake ana bahati ya kutoyaona haya. Ngazi aliyapokea. Angeweza kusimama na kueleza, lakini jana ameshaeleza. Neno lake halikuwa na thamani kwenye meza hii. Lenye thamani lilikuwa limekaa mbele yake, limevaa shati jeupe, linamega nyama isiyomezeka. Alikusanya sahani tupu, akaondoka nazo akichechemea.

Jikoni alifungua bomba ili asisikie. Alisikia. Alimsikia mjomba akimwambia mgeni kwamba wasichana wa siku hizi wana mambo, arudi wiki ijayo hasira zikiwa zimeshuka. Alimsikia mama akimwomba radhi mgeni kwa tabia ya mwanawe, na mgeni akijibu kwamba hakuna neno, mama, hakuna neno kabisa. Viti vikasogezwa. Mlango ukafunguliwa. Nyayo zikashuka ngazi za mbele, zikakata uwanja wa nyumba, zikafika getini.

Zikakoma.

Ngazi akafunga bomba. Alisimama na sahani mkononi, maji yakimdondokea kwenye mguu wenye goti bovu. Geti lilikuwa bado halijalia. Refa alikuwa amesimama pale nje, mkono kwenye komeo bila shaka, akitafuta ujasiri kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko yote. Akirudi, aliwaza. Akirudi tu, akasukuma mlango, akayasema mbele ya mama na mjomba na majirani wote wakipenda, namfuata hata bila viatu. Alijishangaa kuwaza hivyo. Alijiona mjinga, akaendelea kungoja.

Sebuleni mama alikuwa ameanza kuondoa vitambaa vya makochi, anavikunja kimoja kimoja.

Kisha geti likafunguliwa. Likafungwa polepole mno, kwa uangalifu, ili lisimsumbue mtu.